Spinachi, mchicha au sukuma wiki: jani lipi liingie kwenye blenda yako?

Juisi ya kijani imeshika kasi Arusha na Moshi. Vibanda vilivyokuwa vikiuza juisi ya parachichi, embe na miwa sasa vina beseni la majani pembeni ya blenda, na ukimuuliza muuzaji inasaidia nini atakutajia bila kusita: inaongeza damu, inasafisha figo, inashusha presha, inakata kitambi. Wanunuzi nao wameshazigawa mboga zao: mchicha wa kupika, sukuma wiki ya ugali, spinachi ya juisi.

Mgawanyo huo unawanyima wengi jani linalowafaa, na wachache unawaumiza kabisa. Spinachi ni mboga bora, hilo halina ubishi. Ila glasi ya majani mabichi kila asubuhi ina mambo yake. Mjamzito anayetafuta damu, baba mwenye mawe kwenye figo na bibi anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hawafai kunywa glasi ya aina moja. Kabla ya kuchagua jani, jua kwanza unataka glasi hiyo ikufanyie nini. Hapa nazipima mboga hizo tatu, kisha njia tatu za kuzitumia: blenda, chujio na sufuria.

Kwanza, ni spinachi gani uliyoshika mkononi

Fungu linalouzwa kwa jina la spinachi kwenye masoko ya Kilombero, Tengeru au Mbuyuni kwa kawaida lina majani makubwa yanayong'aa, yaliyokunjamana, yenye ubavu mweupe mnene unaoshuka mpaka kuwa bua pana. Livunje bua hilo: linatoa maji mengi, na ukilionja lina chumvichumvi na ile ladha ya udongo unayoijua kwenye bitruti. Mmea huo ni bitruti hasa, aina iliyozalishwa kwa ajili ya majani badala ya mzizi.

Spinachi yenyewe ni mmea mfupi, majani yake ni madogo na laini, vikonyo vyembamba, na mara nyingi hung'olewa mzima, ukaona wekundu wa waridi pale shina linapokutana na mzizi. Haipendi joto. Likizidi, inakimbilia kutoa maua na majani yanageuka machungu, ndiyo maana wakulima wa Moshi chini hawahangaiki nayo. Ile yenye ubavu mweupe ni ngumu zaidi: unachuma majani ya nje, ya ndani yanaendelea kukua, na shina moja linalisha nyumba kwa miezi. Mkulima ana kila sababu ya kuipenda.

Kwa mlaji tofauti hii ni kubwa, kwa sababu orodha za faida zinazosambazwa kwenye simu karibu zote zinahusu spinachi yenyewe. Chukua foliki asidi, ile ambayo mjamzito anaihitaji kabisa ili uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vijengeke vizuri. Gramu 100 za spinachi yenyewe mbichi zina takriban mikrogramu 194. Ile ya ubavu mweupe ina mikrogramu 14 hivi. Mama anakunywa glasi yake kila siku kwa imani ya foliki asidi, na karibu yote haimo.

Nitaiita hiyo ya pili spinachi ya sokoni, kwa kuwa ndiyo tunayoipata. Hizi hapa zikiwa ubavu kwa ubavu, kwa gramu 100 za majani mabichi. Tarakimu ni za wastani. Shamba, mbegu na siku tangu kuchumwa huzibadilisha.

| | Kalsiamu (mg) | Chuma (mg) | Foliki asidi (µg) | Vitamini C (mg) | Potasiamu (mg) | Vitamini K (µg) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Spinachi yenyewe | 99 | 2.7 | 194 | 28 | 558 | 483 |
| Spinachi ya sokoni | 51 | 1.8 | 14 | 30 | 379 | 830 |
| Mchicha | 215 | 2.3 | 85 | 43 | 611 | 1,140 |
| Sukuma wiki | 232 | 0.5 | 129 | 35 | 213 | 437 |

Tazama mstari wa mchicha. Mboga ambayo watu wanaiona ya kawaida mno, inayoota hata nyuma ya nyumba bila kupandwa, inaipita spinachi ya sokoni kila safu. Wataalamu wa mboga hawajaidharau: kituo cha World Vegetable Center kilichopo eneo la Duluti, Tengeru, kimekuwa kikiboresha mboga zetu za asili kwa miaka mingi, na kutokana na kazi hiyo zimetoka mbegu za mchicha kama Madiira 1 na Madiira 2, na za mnafu kama Nduruma na Olevolosi, majina ya vijiji vya hapahapa Arumeru. Mtu anayetafuta lishe ya majani akiwa Arusha anaishi jirani kabisa na mahali ambapo majani hayo yanafanyiwa kazi.

Ukoo wa majani na suala la oksaleti

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Spinachi yenyewe, spinachi ya sokoni na mchicha ni ukoo mmoja, na ukoo huo una kawaida ya kujaza oksaleti, kemikali ya asili ya mimea, kwenye majani. Sukuma wiki ni ya ukoo wa kabichi, pamoja na chainizi na figiri, na huko oksaleti ni kidogo sana. Oksaleti ndiyo ile unayoihisi ukitafuna spinachi mbichi, meno yakawa kama yamepakwa chaki.

Ikiwa tumboni, oksaleti inaikamata kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini. Vipimo vilivyofanywa kwa watu vimeonyesha kwamba mwili unachukua takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu iliyomo kwenye spinachi, wakati kwenye majani ya jamii ya sukuma unachukua karibu asilimia 40, zaidi hata ya maziwa. Piga hesabu: gramu 100 za spinachi zinakupa kalsiamu miligramu 5 hivi inayotumika. Kiasi hichohicho cha sukuma kinakaribia miligramu 90. Kwa mama aliyekoma hedhi na anaogopa mifupa kudhoofika, au kijana anayekua, mashindano yameishia hapo. Mchicha nao, pamoja na kalsiamu yake nyingi kwenye jedwali, unabanwa na oksaleti ileile.

Oksaleti ambayo haikukamatwa tumboni inaingia kwenye damu na kutolewa na figo. Huko inakutana na kalsiamu ya mkojo, na mawe mengi ya figo yametengenezwa na muungano huo. Spinachi mbichi mara nyingi inapita miligramu 600 za oksaleti kwa gramu 100. Mtu mwenye historia ya mawe anayeshauriwa kupunguza oksaleti mara nyingi huambiwa asizidi miligramu 100 kwa siku nzima. Viganja viwili vya majani kwenye blenda, ambavyo ukivipika vinakuwa kijiko tu cha mboga, tayari vimeshavuka mpaka huo mara kadhaa.

Na madhara yanaweza kuwa makubwa. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamke wa miaka 65 aliyetumia juisi za kijani kwa ajili ya "kusafisha mwili". Alikuwa na figo nzima kabla ya hapo. Oksaleti ilijaa kwenye figo zake na zikafeli moja kwa moja. Alikuwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na alikuwa ametumia antibayotiki kwa muda mrefu, mambo mawili ambayo huongeza kiasi cha oksaleti kinachoingia mwilini, kwa hiyo mtu mwenye afya yake asidhani glasi moja itamlaza wodini. Lakini anayekuuzia juisi hiyo kwa kusema inasafisha figo anakwambia kinyume cha kinachoweza kutokea. Figo ndizo zinazosafisha damu, na oksaleti ni mojawapo ya mizigo zinayobebeshwa.

Kwa hiyo kama umewahi kuugua mawe, au kuna mtu wa familia yako ameugua, jani lako la blenda ni sukuma wiki changa au chainizi. Spinachi na mchicha vipite kwenye maji yanayochemka kwanza, na maji hayo yamwagwe. Uchemshaji hupunguza oksaleti inayoyeyuka kwa asilimia 30 hadi 87, kutegemea mboga. Na mwenye ugonjwa wa figo tayari, hasa anayesafishwa damu, asiguse juisi ya kijani ya aina yoyote bila daktari wake kumruhusu. Potasiamu uliyoiona kwenye jedwali, ambayo kwetu wengine ni baraka, kwake ni hatari kwa moyo.

Anayetafuta damu

Sababu inayowafanya wanawake wengi wanunue juisi hii ni damu. Binti ametoka kliniki ameambiwa damu iko chini, jirani anamwambia: "Mwanangu, saga spinachi na bitruti, wiki moja tu utaona." Mwingine anamwambia matembele, mwingine rozela.

Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 za madini ya chuma kwa siku. Viganja viwili vya spinachi ya sokoni, tuseme gramu 60, vina miligramu moja na kidogo, na chuma cha kwenye majani huingia mwilini kwa shida. Sehemu kubwa hupita tu. Hata ukinywa mtungi hujafika. Upungufu wa damu pia una vyanzo vyake: malaria, minyoo, hedhi nzito, selimundu, ujauzito uliofuatana. Juisi haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina chuma na foliki asidi kwa kipimo kinachojulikana, na hakuna fungu la mboga linaloweza kuchukua nafasi yake. Dada yangu, kama umepewa, meza.

Baada ya hapo, jani linaweza kusaidia, na hapa mchicha unashinda. Una chuma karibu sawa na spinachi yenyewe, una vitamini C zaidi, na ukipikwa unakula mwingi kuliko unavyoweza kunywa. Uweke sahani moja na dagaa, maini au nyama, kwa kuwa chuma cha nyama hukivuta na kile cha majani. Weka tunda lenye vitamini C hapohapo. Mapera ya Moshi, ambayo msimu wake yanaoza chini ya miti, yana takriban miligramu 228 za vitamini C kwa gramu 100, mara kadhaa ya chungwa. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula, maana inakizuia chuma. Tabia yetu ya kushushia kila mlo kwa chai inawagharimu wanawake wengi kuliko wanavyojua.

Maziwa na mtindi navyo hupunguza uingiaji wa chuma. Kwa hiyo glasi ya kutafuta damu ni majani na mapera au ndimu, bila mtindi. Glasi zinazofuata hapa chini zinautaka mtindi, na hii ndiyo sababu nasema juisi moja haiwezi kumfanyia kila mtu kila kitu.

Presha, macho, na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu

Kwa presha, ukoo wa spinachi una nguvu halisi. Majani haya yana naitreti nyingi, ambazo mwili unazigeuza kuwa gesi inayolegeza mishipa ya damu, na potasiamu inayosaidia kutoa chumvi mwilini. Mchicha na spinachi vinaongoza. Sukuma iko nyuma. Msaada wenyewe ni wa kiasi, unaongezeka ukipunguza chumvi ya mezani, na hauruhusu mtu yeyote kuacha vidonge vyake. Watu wanaacha dawa kwa sababu ya juisi, na wengine wanaletwa hospitali wamepooza upande. Endelea na dawa, kunywa juisi, pima presha, mwachie daktari uamuzi wa kupunguza.

Kwa macho, kinachotafutwa ni lutini, rangi inayojikusanya katikati ya pazia la nyuma la jicho na kulilinda. Spinachi yenyewe ina lutini nyingi sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walilinganisha njia za kuandaa spinachi na wakakuta kwamba joto la muda mrefu linaharibu lutini, na kwamba kuisaga mbichi pamoja na maziwa yenye mafuta ni miongoni mwa njia bora, kwa sababu lutini inaachiwa kutoka kwenye jani na mafuta yanaibeba. Hiki ndicho kitu ambacho blenda inakifanya vizuri kuliko sufuria. Mtindi una zawadi ya pili: kalsiamu yake inaikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Ukipenda spinachi mbichi, inywe na mtindi mzito usiotolewa mafuta, au weka nusu parachichi kwa ajili ya mafuta na mtindi kwa ajili ya kalsiamu.

Kuna kundi moja ambalo nawaomba wasome mstari huu mara mbili: wanaotumia warfarini kwa ajili ya moyo au damu kuganda. Safu ya mwisho ya jedwali inawahusu. Mtu mzima anahitaji vitamini K mikrogramu 90 hadi 120 kwa siku, na kiganja kimoja cha majani haya kinavuka hapo. Vitamini K inafanya kazi kinyume na warfarini. Hamkatazwi mboga, mnachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na dawa ikapimwa kulingana na hicho. Kuanza ghafla glasi ya kijani kila asubuhi kunaivuruga dawa, na kuiacha ghafla baada ya miezi kunaivuruga tena kwa upande mwingine, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Mwambieni daktari kabla, iwe hospitali ya KCMC, Mount Meru au popote mnapohudhuria.

Watoto wachanga nawataja kwa ufupi: chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Naitreti iliyo njema kwa presha ya babu inaweza kuizuia damu ya kichanga isibebe hewa.

Blenda, chujio, sufuria

Ukisaga majani ukayanywa yote, umebaki na nyuzinyuzi. Ukiyapitisha kwenye chujio, kama vibanda vingi vinavyofanya ili juisi iwe laini, yale makapi ya kijani yanayotupwa ndiyo yenye sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, pamoja na rangi iliyong'ang'ania kwenye jani. Kinachobaki kwenye glasi ni maji, madini yanayoyeyuka, oksaleti inayoyeyuka, na sukari ya matunda. Mtu anabaki na mzigo wa oksaleti, huku nyuzinyuzi zikiishia kwenye ndoo ya taka. Kwa mwenye tumbo gumu au kisukari, chujio linaondoa sehemu kubwa ya kile alichokijia.

Sukari isisahauliwe. Glasi ya juisi ya nanasi ya mililita 250 ina takriban gramu 25 za sukari, kama vijiko sita vya chai, hata kama hakuna aliyeongeza kitu. Vibanda vingi hutumia nanasi kuficha ladha ya jani, kisha asali juu yake. Nyumbani unaweza kutumia tango, tangawizi, ndimu, mnanaa na pera moja, ladha ikawa safi kabisa.

Sufuria nayo ina heshima yake. Mboga ikipikwa inanywea, unakula majani mengi zaidi, oksaleti na vijidudu vinapungua, na karotini inayogeuka kuwa vitamini A inatoka kwenye jani kwa urahisi, hasa ukiwa na mafuta kidogo. Mchicha wa karanga ni chakula kilichofikiriwa vizuri sana. Kinachopotea ni sehemu ya vitamini C na foliki asidi. Vitamini C utaipata kwenye tunda, na foliki asidi haipotei yote mboga ikipikwa kwa muda mfupi.

Njia ninayoipendekeza kwa wengi iko katikati. Chemsha maji, tumbukiza majani dakika moja, yatoe, yamwagie maji baridi yaliyochemshwa, yakamue, kisha yaingie kwenye blenda. Rangi inabaki kijani kibichi kuliko hata ya majani mabichi, ladha ya chaki inapungua, na unaweza kugawa mafungu madogo ukayagandisha kwenye friji kwa wiki nzima.

Majani mengine yasikaribie blenda kabisa yakiwa mabichi. Kisamvu kibichi kina sumu ya sayanaidi, na ndiyo maana bibi zetu walikitwanga na kukichemsha muda mrefu. Mnafu nao ni wa kupikwa. Mtu akikwambia "majani ya kijani yote ni sawa" ukiwa umeshika kisamvu, usimsikilize.

Maji yaliyolipitia jani

Mboga ya kupikwa inasamehe uchafu mwingi. Ya kunywa mbichi haisamehe. Bustani nyingi za mjini ziko kando ya mito kama Themi na Naura, ambayo hupita katikati ya Arusha ikikusanya maji ya mitaro, na mvua za masika zinapoanza mambo huwa mabaya zaidi. Muulize muuzaji: "Shikamoo mama, hii imetoka bustani ya wapi?" Wengi watakwambia ukweli, na ya kutoka juu, kwenye maji ya mifongo, ile mifereji ya asili, yanayoshuka mlimani au ya chemchemi, ina nafuu, ingawa nayo lazima ioshwe.

Spinachi ya sokoni ndiyo ngumu kuliko zote kuosha. Mikunjo yake inashikilia mchanga, na pale bua linapokutana na jani kuna kibonde ambacho udongo hukaa. Tenganisha jani moja moja, osha kwenye beseni, subiri mchanga utulie chini, inua majani badala ya kumwaga maji juu yake, rudia mpaka beseni liwe safi. Malizia kwa maji yanayotiririka. Sukuma ni rahisi zaidi kwa sababu uso wake ni bapa, ila geuza upande wa chini uangalie wadudu, na kata ule mshipa wa kati ambao unaifanya juisi kuwa chungu. Maji ya kusagia na barafu viwe vya maji yaliyochemshwa. Na juisi ikishasagwa inywe hapohapo. Ikikaa nje kwenye joto, bakteria huanza kuzigeuza naitreti kuwa kitu kisichofaa.

Uamuzi wangu, mtu kwa mtu

Mtu mwenye afya anayetaka glasi ya kijani karibu kila siku, achukue sukuma wiki changa. Viganja viwili bila mshipa, nusu parachichi, kikombe cha mtindi, tangawizi na ndimu. Ina kalsiamu inayotumika, foliki asidi kiasi, na haimlimbikizii oksaleti. Najua sukuma haina sifa kama spinachi, lakini kwa matumizi ya kila siku ndiyo ninayoiamini.

Spinachi, ya aina yoyote, iingie mara mbili au tatu kwa wiki, pamoja na mtindi, au baada ya kupitishwa kwenye maji ya moto. Anayejali macho na amebahatika kupata ile yenye majani madogo, aisage mbichi na mtindi bila kuogopa, almradi figo zake ni nzima.

Mchicha uende sufuriani. Kwa damu, kwa presha na kwa bei, hakuna mboga inayokupa vingi hivyo kwa fungu moja, na kiangazi spinachi inapopanda bei mchicha bado unapatikana. Ukiutaka kwenye blenda, utumie machipukizi yake tu, na upite kwenye maji ya moto kwanza kama spinachi.

Mwenye historia ya mawe: sukuma au chainizi, na maji ya kunywa ya kutosha siku nzima. Mwenye kisukari: jani lolote kati ya haya, bila chujio, bila nanasi, bila asali. Anayetumia warfarini: kiasi kilekile kila wiki baada ya kuzungumza na daktari. Mjamzito: vidonge vya kliniki kwanza, sahani ya mchicha na dagaa mchana, na mapera mawili juu yake.

Anayenunua kwenye kibanda aombe mambo matatu kabla blenda haijawashwa: majani yaoshwe upya mbele yake, juisi isichujwe, na asiwekewe asali. Muuzaji anayejali wateja wake hatakasirika.